Handaki la Babu Bartholomayo

Jumatatu, 14 Mei 1956
Nimechoka, lakini leo lazima niandike. Bwana Shamba Vitalis aliniita ofisini kwake Newala nimsaidie kupanga picha zilizopigwa na ndege mwaka jana, mwezi kama huu. Katika picha ya Makote, upande wetu, nikaona mstari mweusi katikati ya mahindi. Umenyooka, unakata kona, unarudi. Nikauliza. Vitalis akasema hapo zamani palikuwa na handaki, likafukiwa. Udongo wake una kina, unashika maji, kwa hiyo mahindi ya juu yake hukawia kukauka. Ukiwa chini huoni kitu. Ukiwa juu waona yote.

Handaki hilo nalijua kwa masimulizi. Babu Bartholomayo, baba yake baba, alilichimba kuzunguka shamba lake ili nguruwe wasiingie. Na mstari unapita nyuma kabisa ya mikorosho saba ya Muharami, jirani yangu na ndugu yangu wa mbali; yaani imo ndani ya shamba la babu. Miaka tisa naitazama ile mikorosho ikizaa, na roho inaniuma.

Picha nimeiazima. Vitalis bado hajajua.

Jumanne, 15 Mei
Nimemweleza mke wangu, Mama Cecilia. Alikuwa anachekecha unga. Akauliza neno moja tu: huyo babu ni wa upande gani? Nikasema wa baba. Akasema haya.

Hiyo “haya” yake inanichosha kuliko kupanda mlima na debe la maji. Najua anachofikiri. Hapa kwetu mtu hurithi kwa mjomba wake, si kwa baba. Nikamwambia hayo ni mambo ya wazee. Ndege inapiga picha shamba, haiulizi mjomba. Akaendelea kuchekecha.

Alhamisi, 17 Mei
Vigingi arobaini. Jua kali. Nilifuata mahindi yaliyobaki mabichi, picha mkononi, mgongo umepinda. Muharami akatokea na kata ya maji, maji ambayo mkewe ameyafuata bondeni tangu alfajiri. Nikanywa yote. Akauliza nafanya nini. Nikasema ni utafiti.

Akachukua nyundo akanisaidia. Anapigilia vizuri kuliko mimi, inaudhi. Tukapita nyuma ya mikorosho yake, tukashuka, tukazunguka nyumba yangu na mikorosho yangu kumi na mitano. Akauliza mbona na kwangu tunapigilia. Nikamjibu handaki halikatwi katikati, wazee wauone ukubwa wa babu. Akataka uhakika: yote haya yalikuwa ya Bartholomayo? Nikasema yote, hata mche mmoja haubaki nje. Akanishukuru sana.

Sijui alikuwa ananishukuru nini.

Jumapili, 20 Mei
Pentekoste. Magoti yanauma, sikuweza kupiga magoti vizuri. Padri alihubiri kirefu, nami nikapanga hotuba yangu ya baraza la Jumanne, nilikopeleka madai ya mikorosho ya Muharami. Njiani Mama Cecilia akanisihi niifute kesi. Anasema tumekaa salama kwa kuwa watu wamesahau mipaka. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nikamwambia hajasoma picha.

Jumanne, 22 Mei
Baraza. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Jumbe alivaa miwani. Picha ikapita mkono kwa mkono, wazee wakaenda mpaka kwenye vigingi, wakarudi. Wote kauli moja: hili ndilo shamba la Bartholomayo, hakuna shaka tena. Nilikaa chini nimelowa jasho kwa furaha.

Ndipo Jumbe akauliza mrithi wa Bartholomayo ni nani. Nikasimama. Akaniambia nikae. Akasimama Bibi Sikuzani, mama yake Muharami, na mkongojo wake. Mama yake Bibi Sikuzani alikuwa dada wa Bartholomayo, tumbo moja, dada pekee; kwa hiyo Bartholomayo ni mjomba wake. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Baba yangu alipewa pa kujenga tu, kwa huruma. Alipokufa, handaki lilikwisha fukiwa, hakuna aliyejua shamba linaishia wapi, na hakuna aliyeniuliza.

Jumbe akanishukuru. Akasema tangu awe jumbe hajaona ushahidi safi kama huu.

Mikorosho yangu kumi na mitano imekwenda kwa Bibi Sikuzani na mwanawe. Mitano kati yake niliipanda kwa mikono yangu mwaka aliozaliwa Cecilia. Nilikwenda nikaishika mmoja mmoja, na nililia. Muharami akanifuata kunipa pole. Akasema nyumba nibaki nayo, sisi ni ndugu. Kisha akaomba nimfundishe kusoma picha. Nimemfundisha.

Mama Cecilia alinipakulia ugali, akasema haya.

Ijumaa, 25 Mei
Nimemrudishia Vitalis picha yake. Alinigombeza kidogo, kisha akanihurumia.

Siku tatu nimelala tu, natafakari kosa langu. Nimelipata. Kosa ni moja: nilishika babu asiyenihusu. Mtu hurithi kwa mjomba, kila mtoto anajua. Sasa, mjomba wangu Walter ana shamba kubwa kule Kitangari, na mipaka yake haieleweki. Nimemwomba Vitalis picha ya Kitangari. Mama Cecilia haambiwi.

Mjomba bado yu hai, na nguvu anazo. Lakini jana alipokuja kunipa pole, nilimsikia akikohoa.