Udongo Wangu Umetukanwa Mbele ya Majirani

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kilimo,

YAH: KUTUKANWA KWA UDONGO WANGU, NA MENGINE YALIYOFUATA

Mheshimiwa Mkuu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na isipokuwa udongo wangu, ambao ndio ulionikalisha nikuandikie. Ni fundi matofali mstaafu. Hapa mtaani hata watoto wananiita Mzee Tofali, nami naitika. Udongo nimeushika tangu sijaota ndevu, kwa hiyo tafadhali usidhani umeandikiwa na mtu anayeujua kwa kuufuta kwenye viatu.

Kisa ni hiki. Msimu huu mke wangu alikwenda kukaa kwa binti yetu aliyejifungua. Nikabaki na nyumba, na bustani yake ya mchicha na nyanya nyuma ya jiko. Nikasema nimfanyie jambo, arudi akute pamelimwa. Mvua ikanyesha. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kauli hiyo ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu. Basi nikauwahi. Nililima ukiwa chapachapa, nikaukanyaga mpaka ukakubali, nikatia na mchanga kwa sababu udongo wa mfinyanzi mtupu hupasuka, nikachomeka mbegu, nikasawazisha kwa ubao. Jua lilipotoka lilikuta kazi safi isiyo na ufa. Mbegu hata moja haikuchungulia.

Ndipo nikamwita mtaalamu wako, Bibi Shamba. Malalamiko yangu dhidi yake, na dhidi ya wengine watakaojitokeza njiani, ni haya:

1. Aliutukana udongo wangu hadharani. Alichota konzi, akaulowesha, akauviringisha viganjani ukawa kamba, akaikunja kamba ikawa pete bila kukatika. Nilidhani anausifu, maana udongo wa kutoa pete kama ile mafundi wanautafuta kwa tochi. Kumbe wapi! Akasema, "Mzee, huu ni mfinyanzi. Chembe zake zimebanana, maji hayapiti, hewa haipiti, mizizi inakosa pumzi." Mheshimiwa, kuta za ofisi yako zimetokana na udongo huuhuu, kwa mikono hiihii. Maji hayapiti, ni kweli, na ndiyo maana mafaili yako ni makavu. Naomba Bibi Shamba auombe radhi ukuta wako, kwa uchache.

2. Anapingana na wahenga. Eti mfinyanzi usiguswe ukiwa na maji. Eti mtu angoje ukauke kiasi, aubonyeze, na ukimeguka ndipo ashike jembe. Nilipomtajia ule mchanga, alicheka mpaka akaegemea ukuta wa jiko. "Mzee, hukulima. Umefyatua tofali moja kubwa." Sikuona cha kuchekesha, ingawa ni tofali zuri. Ofisi yako iamue: ama imrudi Bibi Shamba, ama iwaandikie wahenga barua ya onyo. Haiwezekani wote wawili wakabaki kazini.

3. Jirani yetu mshonaji anamiliki udongo wa tifutifu. Ni mweusi, unameguka kama mkate, ukiumwagilia unakunywa kwa adabu. Haubaki na dimbwi kama wangu, wala si kama udongo wa kichanga wa mkwe wangu wa mtaa wa chini, ambao asubuhi hunywa ndoo nzima na jioni unalia kiu. Mchicha wa mshonaji umefika kiunoni. Mwenyewe anasema ni samadi na majani makavu, miaka nenda miaka rudi. Mimi nasema ni minyoo, tena minyoo yangu! Nilipokuwa nakanyaga niliiona kwa macho haya ikielekea kwenye ua wake. Nadai irudishwe pamoja na watoto iliowazaa huko.

4. Mke wangu ameifuata minyoo. Aliporudi aliitazama bustani, akaigonga kwa kisigino, kisigino kikalia ko! Alichukua jembe lake akapenya kwenye tundu la ua, na tangu hapo yuko kwa mshonaji, kagawiwa matuta yake. Zamani jioni tulikuwa tunakunywa chai kwenye kizingiti cha jiko, naye ananipa habari za kila mche kana kwamba ni mjukuu. Sasa naisikia sauti yake upande wa pili na chai yangu inapoa. Inaniuma, Mheshimiwa, na sijui dai hili linaingia kwenye kifungu gani cha sheria zenu. Juzi nilimsikia akimwambia mshonaji, kwa sauti ya kuruka ua, "Tofali likishachomwa halirudi kuwa udongo." Naomba wataalamu wenu wafafanue ni tofali lipi, maana la bustanini ni tofali bichi, halijaona tanuri.

5. Kwa hiyo napendekeza udongo wote ukusanywe, mfinyanzi wangu, kichanga cha mkwe na tifutifu wa mshonaji, upigwe koleo uchanganyike, kisha ugawiwe sawa kwa sawa, kila mke akirudishwa na fungu la nyumba yake. Bibi Shamba alisema kazi hiyo ingemaliza malori yote ya nchi, na kwamba mimi toroli chache za samadi zingenitosha. Hilo ni jibu la mtu anayekwepa kazi.

6. La sita nimelisahau, ila lilikuwa zito.

Nangoja hatua kali. Nisalimie karani, mlinzi, na wote wanaoniulizia, na zaidi ule ukuta wa upande wa mvua.

Wako mwenye udongo ulioonewa,
Mzee Tofali

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mvua imenyesha. Nikatoka na jembe kama kawaida yangu. Tofali bichi halibishani na mvua. Bustani ilikuwa imelainika vizuri, inaniita. Niliinua jembe, nikalishusha bila kulima. Nikainama, nikabonyeza konzi. Ukanata. Basi nikasimama palepale nalowa, jembe begani, sifanyi kitu. Katika maisha yangu sijawahi kuukuta udongo una maji nikauacha. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa kwenye tundu la ua, sijui tangu saa ngapi. Akaja, akabonyeza na yeye, akasema, "Bado." Sasa tumekaa kizingitini tunangoja ukauke.

Kwa hiyo mashtaka yote yafutwe. Minyoo ikae ilipo mpaka tuiandalie makazi, na Bibi Shamba aje atuonyeshe inakopatikana samadi. Barua hii naomba uirudishe ukishaisoma, kwa sababu nimeambiwa karatasi huoza vizuri zikichanganywa na majani. Mke wangu ameisoma yote. Alipofika la nne alinimiminia chai, akasema, "Kumbe na wewe ni tofali bichi."