Hekalu la Firauni, Izki

Jumamosi, 5 Novemba 1983, Nizwa, Omani
Nimerudi kutoka Misri salama. Wiki mbili za kozi Kairo, kwa gharama ya ofisi. Jioni nimekwenda kumwamkia Bwana Khalaf, babake Fakhriya. Posa yangu anayo tangu Ramadhani, hajajibu. Alisomesha historia Unguja miaka ishirini, na hekalu la Luxor hajaliona ila vitabuni. Akauliza kama nimefika. Nikasema nimefika! Uongo mtupu. Wenzangu ndio waliokwenda, mimi nilibaki hotelini na tumbo la maharage. Akasema nimletee picha Ijumaa, na jibu la posa nitalipata siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 7 Novemba
Picha sina hata moja. Akili ninazo. Izki kuna mtaa mkongwe, nyumba za udongo zimebomoka, hazina mwenyewe. Binamu yangu Nadhir ana kamera, na picha anasafisha mwenyewe. Nimevaa suruali na miwani ya jua, nikaegemea nguzo. Nadhir akanikumbusha kuwa hekalu ni la mawe. Nikamwambia picha isiyo na rangi haitofautishi. Hana upeo, maskini.

Ijumaa, 11 Novemba
Baada ya sala, kahawa na halwa. Bwana Khalaf kazitazama picha moja moja, kazisifu nguzo. Nikamwonyesha alipokuwa akiketi Firauni. Fakhriya anasikiliza nyuma ya pazia! Mara kaingia mamaake Bwana Khalaf, Bibi Turkiya, akaichukua picha moja akaisogeza dirishani. Akaanza kulia.

"Mlango wetu huu," akasema. "Hapa ndipo nilipotolewa biharusi, nikapelekwa Unguja."

Kumbe kwao Izki! Mimi mzaliwa wa Vuga, Unguja, nitajuaje magofu ni ya nani? Akaonyesha hata shubaka alimokuwa akiweka taa. Bwana Khalaf akauliza, taratibu, Firauni alikuwa mpangaji wao au mkwe. Niliona aibu, na Fakhriya nikamwona ananiponyoka.

Bibi ndiye aliyeniokoa. Miguu haimfikishi tena Izki, na katika wanawe na wajukuu hakuna aliyewahi kumletea kwao mpaka mkononi. Kijana apewe mke, kasema. Bwana Khalaf kakubali kwa sharti moja, nisiseme uongo tena. Nikaapa.

Jumamosi, 12 Novemba
Sijalala kwa furaha! Nimekwenda kushukuru. Bwana Khalaf, kwa upole kabisa, akauliza kama mapiramidi niliyaona. Nikajisikia nasema nimepanda moja mpaka kileleni. Kesho baada ya kazi nakwenda Al Hamra na Nadhir. Kuna jabali pale lina ncha safi sana.