Muuza Matairi Anayewafukuza Wateja

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Mei 1956

Bwana Mhariri,

Baada ya kukusalimu wewe pamoja na wapanga herufi wako, naomba nafasi katika gazeti lako, hata ile ndogo iliyo chini ya tangazo la sabuni, nipate kuushtaki mbele ya umma uonevu ninaotendewa na mfanyabiashara mmoja wa Mchafukoge, Bwana Ghanshyam, muuza matairi. Kosa lake ni kwamba amekataa kuniuzia tairi. Si kwamba hana. Analo, nimeliona, na nimeligusa kwa kidole.

Mimi ni mtu wa Kibosho, nauza vitunguu na viazi kwa jumla hapa Kariakoo. Ninalo gari la vani ambalo siku za kazi hubeba magunia na siku za Jumapili hubeba wanakwaya wa kanisa letu. Dereva wake ni Severine, kaka wa mke wangu. Gari ni zima. Matairi nayo ni mazima, isipokuwa hupasuka. Nimeyapanga malalamiko kwa namba ili msomaji mwenye haraka asipotee njiani.

1. Kwanza nalalamikia masikio ya majirani. Katika Ramadhani iliyopita, wakati wa alasiri, tairi la nyuma lilipasuka mbele ya nyumba tunayopanga. Nakiri kishindo kilikuwa kikubwa. Jirani yetu Bi Zamzam, aliyekulia Unguja, akadhani ni mzinga wa kufuturu, akatia kaimati mdomoni. Wenzake uani nao wakafuata, kwa kuwa wote humtegemea yeye. Jua lilikuwa bado kali. Tangu siku ile kila nikipita ananiambia, "Aristides, funga yangu utailipa wewe!" Nimemweleza kwa adabu kwamba mimi ni Mkatoliki na sijui funga hulipwaje, lakini hataki kusikia. Tairi lilifanya kazi ya tairi, Bwana Mhariri. Kutazama jua ilikuwa kazi yake yeye.

Hata hivyo, nisije nikaitwa mkaidi, nilinunua tairi jingine. Nililipata kwa Kitwana, anayepanga bidhaa zake chini pale Mtaa wa Kongo. Lilikuwa limepakwa dawa ya viatu likang'aa mpaka ukajiona sura. Kitwana ni mtu mkweli, alinitazama akasema, "Mzee, hili nililiweka nilikate makubadhi." Maneno hayo ndiyo yaliyonipa imani. Tairi ambalo likikatwa kubadhi huvaliwa na mchukuzi wa sokoni mwaka mzima, akiwa na gunia kichwani, litashindwaje na gari? Nikamwambia Severine alifunge mbele, upande wake, awe analiangalia kwa karibu.

2. Pili nalalamikia sherehe. Mpwa wangu Candida aliolewa baada ya Pasaka, nami kwa moyo mweupe nikatoa vani imbebe bibi harusi na kwaya. Katika Barabara ya Msimbazi tairi la Kitwana likapasuka. Severine anasema usukani ulimponyoka kama samaki. Gari likakata kushoto, likapanda ukingo, likaingia katika mkaa wa Bi Waridi, ambaye kwa bahati alikuwa amevuka barabara kwenda kuomba chenji. Gunia alilokuwa amelikalia halikuonekana tena.

Candida alitoka garini mweusi kuanzia shela mpaka viatu. Padri alipomwona mlangoni mwa kanisa akauliza, "Nani amefariki?" Celina, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, alivunjika mkono. Watu wamelikuza jambo hili kupita kiasi. Mkono wenyewe ni wa kushoto, na Celina huimba kwa mdomo. Nilikwenda kumwangalia hospitali na vitunguu vizuri kabisa, mama yake akavipokea bila kusema asante. Hayo nayo ni malezi?

3. Sasa nafika kwa Bwana Ghanshyam mwenyewe. Nilikwenda dukani kwake kwa nia njema, kwani tairi la Kitwana sasa lilikuwa linatembea kwa kiraka, nikalikuta tairi kuukuu limeegemea ukutani karibu na mlango wa nyuma. Nikamwambia hilo linanitosha. Yeye, badala ya kutaja bei kama wanavyofanya wafanyabiashara wenye akili, akaanza kunihoji. Gari lina uzito gani? Hubeba nini? Watu hukaa wapi? Nikamjibu kwamba nimekuja kununua, sikuja kuungama.

Akaniinamisha, mtu mzima mimi, na suti yangu, akanionyesha nyufa ubavuni mwa lile tairi. "Ukiona mistari hii, mpira umekufa, hata kama juu una meno," akasema. "Tena hili ni la gari dogo. La kwako linataka tairi la mizigo, lenye tabaka nyingi za nyuzi ndani. Na ya mbele uyanunue yote mawili, yafanane. Usinifungie moja zima na moja bovu, gari litakuvuta upande mmoja."

Nikamwambia, "Ghanshyam, hela ni yangu, gari ni langu, na shimoni nitaingia mimi."

Akanijibu, "Wewe? Wewe huwa hupandi gari lako. Nakuona kila siku unapita hapa kwa baiskeli."

Maneno haya aliyasema kwa sauti, mbele ya wateja. Nilimfahamisha kwamba baiskeli naipanda kwa ajili ya afya. Nikaweka noti juu ya meza. Akazisukuma nyuma. "Mimi nyumbani kwangu hatuli hata yai, tusiue kiumbe," akasema, "halafu nikuuzie wewe hiki ukaue watu Msimbazi? Nenda." Mkewe, Bi Lilavati, akatoka nyuma na kisu, mbele ya macho yangu akalipasua lile tairi ubavuni toka huku mpaka huku, nisije nikarudi kulinunua asipokuwepo mumewe. Tairi lililokuwa na uhai wa miezi mingi!

4. Ugonjwa huu wa kuchagua tairi unaambukiza. Mke wangu Theopista sasa huenda kanisani kwa miguu na mwavuli, na akiulizwa sababu hujibu, "Muulizeni Aristides." Wachukuzi hukubali kupakia magunia, lakini hawakubali tena kupanda juu yake. Wanakwaya walikuja nyumbani wakaniambia hawapandi vani mpaka niwaonyeshe matairi. Niwaonyeshe! Wao ni waimbaji. Mimi nimewahi kuwaomba wanionyeshe makoo yao?

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba sauti ya gazeti lako ifike kwa wakubwa. Serikali ipige marufuku mwuza tairi kumwuliza mnunuzi gari lake litabeba nani, kwani mwuza shoka haulizi mti gani. Na kwa kuwa matairi hupasuka zaidi mchana wa jua, ofisi za mjini zifunguliwe alfajiri na kufungwa kabla barabara haijapata moto. Wafungao, maarusi na wauza mkaa wapewe barabara zao wenyewe mbali na magari. Hilo likishindikana, basi itungwe sheria kwamba kila abiria anayepanda vani apande kwa miguu yake, na akishapanda, tairi liwe lake.

Naona nimesema kwa upole kuliko walivyostahili. Wasalimie wote hapo ofisini, msalimie na mwenye kuuza gazeti lako pale sokoni, hata kama hunitazama vibaya siku hizi. Celina ni binti wa dada yake.

Ni mimi mwenye kuonewa,

Aristides K. Mamuya,
Mfanyabiashara wa Vitunguu na Viazi

Baada ya kutia sahihi: Bwana Mhariri, nimechelewa kuifunga bahasha kwa sababu ya jambo la asubuhi hii. Nilikuwa dirishani nanyoa ndevu nikasikia watoto wanacheka nje. Ni wanangu. Severine alikuwa amewapakia wote nyuma ya vani, na Angelina, kifungua mimba wangu, amekaa mbele kwa dereva, wanakwenda Pugu kwa bibi yao mdogo. Gari likaondoka. Sijui nilitokaje ndani. Nilikimbia Mtaa wa Swahili peku, fulana tu mwilini na povu usoni, napiga kelele, mpaka nikalipita gari penye kona nikasimama mbele yake, mikono nimeitandaza.

Severine akatoa kichwa. "Shemeji, vipi? Si ulisema mwenyewe matairi ni mazima?"

Nikamwambia, "Mazima kwa vitunguu!"

Mtaa mzima ulisikia. Bi Zamzam alikuwa barazani, akaweka chini kikombe chake. Theopista alikuja mpaka pale, akawashusha watoto mmoja mmoja, akaondoka nao kwa miguu bila kunitazama. Tairi la Kitwana limevuliwa pale pale, nati amezifungua Severine.

Maneno haya nayaandika nikiwa Mchafukoge, nimekaa juu ya tairi hilo, barazani kwa Bwana Ghanshyam, nangoja afungue duka. Bi Lilavati amechungulia dirishani mara moja akarudi ndani. Nakuomba sana, tena kwa heshima zote: usiichapishe barua hii kabla hajaniuzia.