Mashine ya Kujaza Mapipa Mnayo Tayari

Kwako Shemeji Meneja,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukuandikia ofisini ilhali tunakula meza moja kila Jumapili. Nyumbani dada yangu amepiga marufuku habari za sabuni.

Nimesoma ubaoni kwamba kamati inachagua mashine ya kujaza sabuni ya maji kwenye mapipa ya lita mia mbili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamati ilikaa bila mimi, niliyejaza mapipa hayo miaka kumi na tisa. Najua asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi nilikuwepo: chumba cha pili, najaza pipa.

2. Mashine moja inapima kwa mizani, nyingine inahesabu lita. Mimi hugonga pipa kwa kidole nikasikiliza linavyoitika. Ni ipi kati ya hizo yenye sikio?

3. Muuzaji anajisifu kwamba mashine zake hazichoki, hazili wala haziendi msibani. Shemeji, kitu kisichokwenda msibani utakikabidhije sabuni ya watu?

4. Povu likifurika leo, mnanilaumu mimi na kazi inaendelea. Kesho mtamlaumu nani? Mtalaumiana wenyewe. Utarudi nyumbani umevimba, dada atanuna, ndoa itayumba, na mimi Jumapili sitakuwa na pa kula.

5. Kwa hiyo naomba niingizwe kwenye zabuni kama mashine ya tatu. Situmii umeme. Dhamana yangu ni ya maisha, ingawa sijasema ya nani. Mkitaka kunifunga kwa bolti sakafuni kama wenzangu sitakataa, mradi iwe karibu na dirisha.

Nasema kweli, shemeji, naogopa. Kazi nyingine siijui, na kukaa bure kutanizeesha kwa wiki moja.

Wasalimie wanakamati wote, mlinzi wa geti, dada na wapwa zangu wadogo, na hata huyo muuzaji, maana naye anatafuta riziki.

Ni mimi shemeji yako, mtiifu siku za kazi tu,

Mjazaji wa Mapipa

Tanbihi: Usinijibu kwa simu, niandikie. Tangu mwaka jana masikio yamenitupa mkono. Pipa nagonga kwa mazoea tu, nikiona povu ndipo najua limejaa. Kwa hiyo ikibidi mnunue, ile ya mizani iacheni, hupiga kengele. Chukueni ile ya lita, inayowasha taa nyekundu. Taa nitaiona.