Gati la Mto Usio na Maji

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimezaliwa upya. Mkurugenzi ameniita ofisini kwake na kufunga mlango. Serikali inaandaa mpango mkubwa wa maendeleo ya eneo la mpakani. Ng'ambo ya mto, nchi ya pili, nao wanaandaa wa kwao, na Mkurugenzi hataki tuaibike. Kila wilaya iandike sura yake. Ya kwetu nitaandika mimi, mwisho Ijumaa. Sura ikipendeza, ukaimu wangu umekwisha, nathibitishwa kuwa Afisa Mipango kamili. Isipopendeza, narudi masijala.

Masijala nimekaa miaka sita. Chumba cha chini, hakina dirisha, mafaili yamenizidi umri, na panya tulifika mahali pa kusalimiana. Sirudi.

Mpima ardhi wetu alikuwa koridoni. Namwita Rula, kwa sababu hutembea amenyooka na hata kicheko chake kina kipimo. Amesema ananitakia kila la heri. Nafasi hii anaitaka yeye pia, kwa hiyo nimejua ananiombea mabaya.

Jumanne, 5 Machi

Nimekaa mbele ya kompyuta saa tatu nzima. Nimeandika kichwa. Nimekipigia mstari. Nimeufuta mstari.

Ndipo akili ikaja. Nimempigia simu Mzee wa Madaftari. Chuoni tulikaa benchi moja watatu: mimi, yeye, na Tai Fupi. Yeye ndiye aliyeandika, sisi tulinakili. Sasa ni afisa mipango wa wilaya moja ya ziwani, mbali sana na huku, na mpango wake wa mwaka jana ulisifiwa kila mahali. Nimemwomba aniazime niutazame tu. Amecheka kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, akasema atautuma.

Tai Fupi alikuwa mwanafunzi kutoka ng'ambo, wa kuvaa tai fupi shingoni kila siku. Leo ni afisa mipango wa kwao, hapo hapo upande wa pili wa mto. Namhurumia. Mtu yule hajawahi kuandika sentensi yake mwenyewe tangu azaliwe. Sijui atamlilia nani.

Jumatano, 6 Machi

Mpango umefika. Kurasa tisini. Nimebadilisha jina la wilaya. Kisha nimeiamuru kompyuta: kila palipo na "ziwa" weka "mpaka". Sekunde mbili. Mabadiliko mia nne na kumi na mawili. Nimekwenda kunywa chai.

Wakati nakunywa chai, Rula alikuwa juani na tepu yake, anapima upana wa mto wa mpakani. Tangu asubuhi. Nimemuuliza anapima nini, na mto wenyewe ni mchanga mtupu miezi kumi kwa mwaka. Amejibu kwamba mto hupimwa kingo, haupimwi maji. Kuna watu waliumbwa ili wachoke.

Nimefungua ukurasa mmoja kwa bahati kuhakiki. Umesema wakazi wengi huoga mpakani kila asubuhi. Nimeufuta mstari huo. Mingine nimeiamini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewasilisha saa nne nzima kabla ya muda kuisha. Jalada la bluu, maandishi ya dhahabu. Ripoti ya Rula kuhusu vipimo ina kurasa kumi na moja tu, imebanwa kwa pini. Nimemtazama kwa upole.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya mama mkwe. Anakaa ng'ambo kwa binti yake mkubwa, na kila Jumamosi huvuka ule mchanga kwa miguu, kikapu mkononi, kuja kumwona mke wangu. Ndivyo anavyosema. Macho yake huona mapazia, masufuria, na mimi. Nimemwamkia shikamoo mama. Ameitika marahaba huku akipitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Vumbi amelipata. Kisha amekaa kwenye kiti changu, kile cha karibu na dirisha, na kumuuliza mke wangu, mimi nipo, kama huyu bado ni kaimu.

Nimehesabu siku. Mvua ziko mlangoni. Zikishanyesha, mto hujaa pomoni na havuki mtu, miezi miwili mizima. Wengine huiita masika. Mimi huiita likizo. Hilo sijamwambia mtu, na shajara haina mdomo.

Jumatatu, 11 Machi

Ushindi. Mkurugenzi amekuja mwenyewe mpaka mezani kwangu, mbele ya watu. Makao makuu wamesoma sura zote za mpakani na yetu imewavutia, hasa kipengele cha saba. Tume inakuja Jumatano kuona mahali pake na kuamua. Nimepokea pongezi nimesimama. Rula nimempa mkono mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuonekana kuumia vya kutosha.

Kisha nimefungua jalada kuona kipengele cha saba kinasema nini.

Kinasema: gati la zege la mita arobaini, kuanzia ukingoni kuingia majini, pamoja na boti moja ya uokoaji yenye viti kumi na viwili.

Nimekaa sakafuni. Kompyuta haina kosa. Humo ndani hamna neno "ziwa" hata moja.

Jumanne, 12 Machi

Sijakata tamaa. Gati linataka maji, basi maji yatafutwe. Nimechukua bauza la maji la idara, lita elfu kumi, nikamwelekeza dereva mtoni. Kamwaga. Mchanga umeyanywa yote kabla hajakunja mpira. Tumerudi na la pili. Hilo limebakiza tope la ukubwa wa kitanda, na mbuzi mmoja amekuja akalala juu yake. Hakutaka kuondoka.

Dereva ameniuliza kwa adabu kama tunamwagilia mto. Nimemwambia ni utafiti. Rula alikuwa ukingoni. Ameandika kitu kwenye daftari lake. Najua anakiweka akiba ya kesho.

Nyumbani mke wangu ameuliza tope la suruali limetoka wapi na mvua haijanyesha. Nimemweleza yote. Ameniambia nikaseme ukweli tu, maana njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia ndiyo uzuri wake, unafika mapema.

Hajacheka. Nami sina njaa. Nimeota masijala mchana kweupe, nimekaa kwenye kochi.

Jumatano, 13 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau neno hata moja.

Tume ilikuwa watu watano. Kiongozi wao mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mtu wa maneno machache. Amesimama ukingoni na jalada langu la bluu. Mbele yake mchanga, mchanga, na yule mbuzi. Ameuliza maji yako wapi. Nimesema yako njiani. Mkurugenzi ameanza kutazama viatu vyake. Rula amekohoa, akafungua daftari.

Hapo nimeona panya wa masijala wakinisogezea kiti.

Kutoka ng'ambo wakaonekana watu wawili wanakuja juu ya mchanga. Mmoja Tai Fupi, na tai yake ile ile isiyofika kitovuni. Tume ilimwalika kwa ujirani mwema. Wa pili mama mkwe. Na si Jumamosi! Amesikia kuna wakubwa, amekuja kuwaona kwa macho yake.

Mama wa tume ameachana nami, amemgeukia yeye. Amemuuliza, mama, wewe mwenyeji, hapa mnahitaji nini. Nimefumba macho. Mama mkwe ameweka kikapu chini. Amesema mchanga huu wasiuone hivi, mvua ikinyesha ni maji ya kumzamisha ngamia. Amesema mwaka jana binti yake alijifungua upande huu, naye yuko upande ule, analisikia lile jambo kwenye simu kama matangazo ya vifo. Ameonyesha kwa kidole: pale ndipo alipokuwa akisimama kila asubuhi, akitazama paa la nyumba yetu. Mjukuu kamshika mkononi ana wiki saba.

Mjukuu huyo ni mwanangu. Wiki saba hizo nazikumbuka vizuri. Nilizifurahia sana, nikilala kwenye kiti changu. Sikujua kuna mtu amesimama ng'ambo. Nimeona haya, nasema kweli, haya ya kutosha kunifanya nitazame pembeni.

Mama wa tume ameuliza polepole: kama shida ni kuvuka, mbona mpango unasema gati na hausemi daraja? Amenitazama. Mkurugenzi amenitazama. Mbuzi amenitazama.

Ndipo Tai Fupi, jasho linamtoka, akafungua jalada lake mwenyewe ili asitazamane na mtu. Mama wa tume ameliona, akaomba alitazame. Amesoma kwa sauti kipengele cha saba cha ng'ambo. Gati la zege la mita arobaini, kuanzia ukingoni kuingia majini, pamoja na boti moja ya uokoaji yenye viti kumi na viwili.

Mzee wa Madaftari! Kumbe ndicho alichokuwa akichekea.

Mama wa tume ameshika majalada mawili, moja kila mkono. Ametazama ukingo huu. Ametazama ukingo ule. Ameuliza upana wa mto ni kiasi gani. Rula hawezi kuulizwa kipimo akanyamaza, hata kama kinamwokoa adui. Amesema mita themanini na sentimita arobaini.

Arobaini na arobaini. Nimehesabu kwa vidole.

Mama wa tume amevua miwani. Amesema ana miaka thelathini katika kazi hii, na hajawahi kuona nchi mbili zikipanga kila moja nusu yake ya daraja bila kufanya kikao hata kimoja. Ameuliza wazo ni la nani. Mimi na Tai Fupi tumesema kwa pamoja: mimi. Kisha tumetazamana, tukasema: sisi.

Rula amekumbusha kwamba zinabaki sentimita arobaini katikati. Hakuweza kujizuia, maskini. Mama mkwe amesema si muweke ubao. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za tume.

Ijumaa, 15 Machi

Barua imekuja na muhuri. Nimethibitishwa. Daraja limeidhinishwa na pande zote mbili. Rula atasimamia ujenzi na amepandishwa cheo, kwa hiyo hata kulipiza kisasi hawezi. Amekuja kunipa mkono. Amesema kazi ni nzuri, ingawa ukurasa wa sitini na moja unasema mawimbi ya mpaka hupindua mitumbwi. Nimemwambia hiyo ni lugha ya picha.

Boti mbili nazo zimeidhinishwa. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 16 Machi

Mama mkwe ameingia. Nimemwamkia. Ameitika, hakugusa kabati. Amenyanyuka kwenye kiti changu, amekipangusa kwa kanga yake, akaniambia keti mwanangu, umetutendea watu jambo. Mwanangu. Miaka tisa ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza.

Nimekaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nimejiona mfalme.

Ndipo ameanza kueleza. Daraja likikamilika, mvua hazitamzuia tena. Atakuja Jumamosi na Jumatano, mwaka mzima, masika na kiangazi. Na masika, kwa sababu barabara ya kwao ina tope, ni afadhali awe analala huku huku. Miezi miwili. Amekwishapima dirisha la chumba cha watoto, anataka pazia la kijani.

Mke wangu amekimbilia jikoni. Nimedhani analia, kumbe anacheka mpaka ameshika meza. Aliporudi ameniuliza ile likizo yangu imekuwaje. Kumbe alijua miaka yote.

Nimemwambia maendeleo yana gharama zake.

Jumatatu, 18 Machi

Meza mpya, karibu na dirisha. Juu kabisa, ghorofa ya tatu. Panya hawafiki.

Mkurugenzi ameingia anang'aa. Makao makuu wamependezwa mno. Wanataka mwongozo wa wilaya zote za mpakani: jinsi ya kuandaa mpango unaotokana na mahitaji ya watu wako mwenyewe, bila kuiga wengine. Wamesema aandike mtu mwenye ubunifu. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Muda ni mpaka Ijumaa.

Nimemshukuru, nimefunga mlango, nimempigia simu Mzee wa Madaftari. Anao mwongozo mmoja mzuri sana, kurasa sitini, uliandikwa kwa ajili ya wilaya za milimani. Amecheka tena. Nimemwonya asimpe Tai Fupi, amenihakikishia Tai Fupi hajapiga simu. Tangu asubuhi.

Umeshafika. Nimeiamuru kompyuta: kila palipo na "mlima" weka "mpaka". Sekunde mbili. Na nani asemaye mimi sijifunzi? Safari hii kipengele cha saba nimekisoma chote, neno kwa neno, hakina tatizo. Vingine nimeviamini. Nakwenda kunywa chai.