Wagika Lori la Kushoto, Wagalu la Kulia

Jumatatu, 10 Julai 1995

Mkurugenzi ametuita ofisini, mimi na Odeta. Kampuni ina wasimamizi wawili wa makuli wanaopakia minofu ya sangara kwenye ndege za Ulaya. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja. Soko huria, anasema. Lo! Hilo soko huria limeshanipunguza kazi mara moja, pale chama cha ushirika cha pamba, nikarudi nyumbani na saa ya ukutani chini ya kwapa. Mara hii halinipati.

Atabaki yule ambaye ndege zake zinawahi kuruka. Barafu inayeyuka, kasema, na Wazungu wanataka minofu yao.

Odeta! Mwanamke wa kwetu Kagera, tena Mlutheri, anawaita makuli "baba" na "kaka". Kikosi chake kinapakia kama kinabeba mayai. Sakafu ya ndege ina magurudumu ya kusukumia paleti za maboksi. Kila paleti ikishapanda, Odeta anataka ifungiwe vizuizi vya chuma kwanza, ndipo ya pili isogee. Kila paleti! Eti mzigo ukirudi nyuma unaua. Porojo.

Lazima nitafute njia. Nimesoma mimi. Makuli wenyewe wananiita Nshomile, yaani msomi. Kwa heshima, nadhani.

Jumanne, 11 Julai

Nimepata wazo nikiwa nanyoa ndevu. Nimejikata kidevu kwa furaha.

Makuli wangu karibu wote ni Wasukuma. Mavuno yamekwisha, msimu wa ngoma umeingia, na hawana habari nyingine ila Wagika na Wagalu, vile vyama vyao viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu. Baba akiwa Mgika, mtoto naye Mgika. Basi nitawagawa! Wagika lori la kushoto, Wagalu la kulia, washindane kupakia. Hata senti sitoi.

Wagika wanaongozwa na Kija, mtu mrefu wa Magu, mchezaji hodari, akiruka utadhani hana mifupa. Wagalu wanaongozwa na mzee Shimba. Huyu ananisumbua. Kwa umri napaswa kumwamkia shikamoo. Kwa cheo aanze yeye kunisalimu. Kila asubuhi tunatazamana kama majogoo mpaka mmoja akohoe. Leo nimekohoa mimi.

Nilipotangaza mashindano wamepiga vigelegele. Wanaume wazima!

Jumatano, 12 Julai

Aibu tupu. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye ngoma zao mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi.

Ndege imetua, Kija kapanda juu ya maboksi, kaanza kuimba. Shimba kamjibu kwa kucheza na boksi la sangara kichwani, na miaka yake ile. Madereva wakaja. Wazima moto wakaja. Polisi wa getini wakaja pia, geti likabaki wazi, ng'ombe wakaingia mpaka karibu na njia ya ndege. Minofu inayeyuka juani! Mrusi anayesimamia mzigo ndani ya ndege kapiga picha kwanza, kisha kelele. Mimi nimepuliza filimbi mpaka makuli wakadhani ni sehemu ya ngoma, wakaifuata kwa miguu.

Kikosi cha Odeta kimemaliza kwanza. Kanipita, kasema pole kaka Longino, ngoma ilikuwa nzuri kweli. Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 13 Julai

Kanuni mpya. Watazamaji hawahesabiki. Wanaomaliza lori lao kwanza ndio washindi, na zawadi ni gunia la mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishakatwa. Kiwandani Nyakato napewa nikiomba tu.

Mama yangu! Wamepakia kama wanafukuzwa na nyuki. Mkurugenzi katoka nje na kikombe cha chai, kaangalia saa, katabasamu. Odeta naye kaangalia. Yeye hakutabasamu.

Wagika wameshinda. Shimba amelalamika kwamba Kija alimwaga dawa mlangoni mwa ndege. Kweli palikuwa na unga mweupe, na Wagalu waligoma kuuvuka. Ikabidi mimi, mtu niliyefika seminari, nipige magoti nifagie kwa ufagio wa choo cha abiria. Mrusi kauonja kwa ncha ya kidole. Kasema ni muhogo.

Ijumaa, 14 Julai

Nimegundua kinachotuchelewesha. Vizuizi! Nimeagiza vikae pembeni, vitafungwa vyote kwa pamoja mwishoni. Kija kauliza kama ni salama. Nimemuuliza yeye ni Mgika au mwoga. Wenzake wakamcheka, akaacha kuuliza.

Ndege yetu imeruka kabla Odeta hajafika nusu. Mkurugenzi kanipa mkono. Mkono, mbele ya Odeta! Baadaye mama huyo akaja kuniambia nirudishe vizuizi, eti ananiomba kama dada. Nimemwambia wivu si mzuri kwa afya.

Jumamosi, 15 Julai

Sijui niandike nini.

Paleti ya kwanza ilikuwa imeshafika juu. Wagika wakaiachia wakimbilie ya pili. Ikarudi. Ikateleza kwenye magurudumu, ikatoka kwa mlango wa nyuma, na Kija alikuwa chini, kaipa mgongo, anawaimbia wenzake. Ikambana mguu kwenye lori. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Halafu akaanza kulia, na sikujua kama mwanaume mrefu vile anaweza kulia hivyo.

Odeta kafika kabla yangu. Kavua kitenge chake, kamfunga paja, damu imemlowanisha mpaka viwiko. Mzee Shimba kamshika Kija kichwa, anamwita mwanangu. Mimi nilisimama na filimbi mdomoni. Niliogopa. Hata sasa naogopa.

Ndege imepakiwa na kikosi cha Odeta. Imeruka.

Jumatatu, 17 Julai

Mkurugenzi ameuliza vizuizi vilikuwa wapi. Kabla sijafungua mdomo, Wagika wakapiga kelele kwamba ni dawa ya Shimba, amelipiza yale ya Alhamisi. Mzee akaapa kwa watoto wake. Mkurugenzi akanigeukia, akasema wewe Longino umesoma, unasemaje? Nikasema mambo ya Wasukuma siyafahamu vizuri. Ni hayo tu niliyosema! Sikumtaja mtu.

Shimba amefukuzwa kabla ya chai. Alipopita mbele yangu shikamoo imenitoka yenyewe. Hakuitikia. Nasikia huko kwake Mkolani wameshaanza kumwita mchawi, na watu hawachoti tena maji kwenye bomba lake.

Jumatano, 19 Julai

Nimekwenda hospitali. Mguu wa Kija umekatwa juu ya goti. Nimempelekea yale mapanki, maana siku ile kikosi chake kilikuwa kinaongoza, na mimi ni mtu wa haki. Mkewe Rebeka kayapokea kwa mikono miwili. Kija kasema wabeja, asante ya Kisukuma.

Kisha kasema haamini kwamba ni Shimba. Mzee yule ndiye aliyemtafutia kazi uwanjani, Mgalu au si Mgalu. Kasema na habari ya vizuizi anaikumbuka vizuri. Nimemwambia apumzike, dawa za hospitali zinachanganya kichwa. Kaniangalia tu. Rebeka naye kaniangalia. Nimetoka bila hata kuaga.

Jumatatu, 31 Julai

Nimeshinda! Msimamizi mkuu ni mimi! Odeta alimwambia mkurugenzi kwamba watu wake hawatapandisha hata boksi moja bila vizuizi, na minofu ikioza na ioze. Mkurugenzi kamshukuru sana, kampunguza. Odeta kaaga makuli mmoja mmoja kwa mkono. Mimi kaniruka. Wivu huo.

Vikosi vyote sasa ni vyangu. Ngoma nimepiga marufuku kabisa, zimetuletea balaa. Twende na wakati. Mpira! Simba lori la kushoto, Yanga la kulia. Vizuizi nimevifungia stoo visiibwe.

Mchana Rebeka alikuja kuniangukia. Nyumbani hakuna anayeleta chakula, anaomba kazi ya Kija apewe mdogo wake. Nina moyo mimi, nimekubali palepale. Nimemuuliza shemeji yake anashabikia timu gani. Kasema Yanga. Bahati iliyoje! Upande wa Yanga ndiko nilikobakiwa na nafasi, ile ya kusimama kati ya lori na mlango wa ndege. Anaanza kesho asubuhi.