Kaburi la Babu Jabali

Jumatatu, 4 Machi
Nina hasira za kupasua sahani. Meneja wa hifadhi anatafuta mkuu wetu sisi waongoza wageni, na shemeji, mume wa dada yangu, tayari anatembea kifua mbele. Leo mgeni kauliza kwa nini ule ukuta wa mwamba tunauita jabali. Kabla sijafungua mdomo, shemeji kadakia: neno lilitoka Kiarabu, huko maana yake ni mlima, kwetu likabaki kuwa mwamba mkubwa. Wageni walipiga miayo. Meneja alifurahi! Kwani kamusi mimi sina? Ninayo. Inazuia mlango usijifunge.

Jumanne, 5 Machi
Dawa yake nimeipata. Nimewaambia wageni kuwa Jabali alikuwa babu yangu mzaa baba. Aliupanda ukuta huu pekupeku, akaanguka, akafa, mwamba ukapewa jina lake. Mama mmoja alilia! Shemeji kasema nina wazimu. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi
Sasa wanataka kuliona kaburi. Watu hawatosheki! Nimerundika mawe chini ya mwamba, nikaandika jina kwa rangi iliyobaki ya geti. Meneja mwenyewe kavua kofia. Cheo ni changu.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji, nyoka yule! Kamleta babu. Mzima, na koti lake la Ijumaa! Babu kasoma kaburi, kauliza marehemu ni nani. Nikamnong'oneza aende nyumbani. Akapaza sauti: yeye hajawahi kupanda hata ngazi, wala hajawahi kuitwa Jabali, na kama nimeshamzika, basi ndiyo maana siku hizi siendi kumjulia hali. Hilo lilinichoma. Kisha akakaa juu ya kaburi, wageni wakapanga foleni kupiga naye picha.

Jumamosi, 9 Machi
Cheo kapewa shemeji. Mimi nimepewa ufagio. Dada kaniamuru nikamwombe babu radhi. Nimekwenda, nimeomba, huku nimeuma meno. Babu kanigeuzia mgongo. Bibi peke yake ndiye aliyenimiminia chai.

Nimemtazama sana bibi. Jana mgeni aliuliza asili ya neno korongo, na shemeji, mjuaji wa kamusi, alibaki mdomo wazi. Korongo lipo, nyuma tu ya ofisi. Rangi imebaki nusu kopo.

Kesho nitamwomba bibi asionekane nje kwa wiki moja.